Diwani Anaogopa Maji

"Hakuna kiumbe chenye koo nitakachoshindwa kukinywesha maji," Nathaniel alimwambia daktari wa mifugo, tena kwa sauti ya kufika mpaka kwa fundi baiskeli wa nje ya geti. "Nimeshamnywesha dawa ya minyoo ndama wa mjomba kule Misungwi, na yule ndama alikuwa na roho mbaya kuliko baba mwenye nyumba wetu. Sembuse huyu mzee? Niachie nusu saa tu, daktari. Ukirudi utamkuta anaomba na taulo."

Daktari Dorcas hakucheka. Alikuwa amepiga magoti kwenye ua wa nyumba ile ya Igogo, glavu mikononi, anaupanua mdomo wa mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia aliyelala ubavu kama gunia lililomwagwa nusu. Harufu iliyotoka mle mdomoni ilimrudisha Nathaniel nyuma na utani wake. Mama yake, Wilhelmina, hakurudi nyuma. Alikuwa amekishika kichwa cha mbwa mapajani mwake, khanga yote imelowa mate.

"Majibu ya damu yametoka," daktari alisema. "Figo zake zimechoka, mama. Kupona hazitapona. Lakini akinywa maji ya kutosha anaweza kukaa na nyie muda mrefu, akala, akatembea, akabweka. Asipokunywa, uchafu wote unabaki kwenye damu. Ndiyo maana mdomo unanuka mkojo. Ndiyo maana ana vidonda huku kwenye ulimi na mate hayakauki. Kiu anayo. Ila kila akinywa anaungua."

"Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Mbembeleze. Weka bakuli kila mahali anapopenda kulala. Maji yabadilishe mara kwa mara, yasikae yakanuka. Mchemshie kichwa cha samaki, umpe yale maji yake yakishapoa. Bila chumvi, mama. Hata ya kuonja." Kisha akamgeukia Nathaniel. "Na wewe kaka, sikiliza. Usimlazimishe. Ukimmiminia kwa nguvu, maji yataingia mapafuni. Au atakung'ata, na hatakuwa na kosa."

"Aning'ate mimi? Mimi niliyemlea?"

"Umemlea wewe?" mama yake aliuliza bila kuinua kichwa. "Wewe hata ndevu zako zinajilea zenyewe."

Mbwa aliitwa Diwani. Nathaniel ndiye aliyembatiza, kwa sababu alipokuwa kijibwa alikuwa haonekani mtaani mpaka chakula kiive. Jina likakaa, utani ukazoeleka, na yule kijibwa akakua akawa mlinzi ambaye hata mgambo walipita upande wa pili wa njia. Mama Nathaniel alikuwa anabanika sangara uani kwake, kwenye chanja la waya juu ya pipa, na samaki wa kubanika ni kama fedha iliyoanikwa. Diwani akiwa mzima, hakuna aliyethubutu kuruka ule ukuta. Wiki ile alipoanza kulala bila kuinuka, mtu aliuruka mchana kweupe. Alimkuta mama peke yake, akamshika kisogo, akamkandamiza kwenye waya wa moto, akaondoka na samaki wote ndani ya mfuko wa simenti. Mkono wa kushoto wa mama ulibaki na mistari ya chanja, imepangika vizuri kama daftari la hesabu.

Nathaniel siku ile alikuwa kijiweni. Siku nyingi alikuwa kijiweni. Miaka yote tangu atoke kidato cha nne aliuza mayai ya kuchemsha kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo, na kilichouza mayai si chumvi wala pilipili, ni mdomo wake. Daraja lilipofunguliwa, foleni ikafa, mayai yakafa, ukabaki mdomo.

* * *

Kesho yake mama alishuka mwaloni kununua samaki. Kabla ya kutoka alikuwa amekaa chini na Diwani kwa muda mrefu, sufuria ya maji ya kichwa cha sangara pembeni, anachota kwa kiganja na kumwekea puani. Diwani alilamba. Alikunja uso, akatulia, akalamba tena. Bakuli hakuligusa. Alitaka kiganja.

"Usimguse," mama alimwambia Nathaniel. "Nikirudi nitaendelea mwenyewe."

Mtu wa akili angekwenda kukaa kivulini. Nathaniel alimtazama mbwa, akaitazama sufuria, akakumbuka alivyojitapa mbele ya yule dada wa glavu. Kama kiganja cha mama kinaweza, chupa itashindwaje? Akachukua chupa ya soda, akaijaza maji ya bomba yaliyobaki kwenye ndoo kwa sababu supu aliiona ni ya kupoteza muda. Akamvuta Diwani kwa ngozi ya shingo, akambana katikati ya magoti.

"Mheshimiwa," alisema, "wananchi tumekuletea maji. Fungua mdomo."

Mheshimiwa hakufungua. Nathaniel akachukua kijiko, akakiingiza pembeni ya meno, akakigeuza. Mbwa akatoa sauti ambayo si kubweka wala kulia, kama bati linalokwaruzwa. Maji yakaingia. Yakatoka puani. Diwani akakohoa, akapaliwa, akajikunja na kurusha miguu, na Nathaniel naye akazidi kubana, maana kufikia hapo halikuwa tena suala la figo. Lilikuwa suala la nani mwanaume. Shingo ya chupa ikapita juu ya ulimi, juu ya vile vidonda.

Diwani alimng'ata mkono wa kulia, chini ya kidole gumba, meno yakaingia mpaka yakagusana na mfupa.

Nathaniel alipiga yowe. Halafu akampiga mbwa teke la tumbo, likafuata la pili, na la tatu lilimkuta Diwani ameshajikokota mpaka nyuma ya pipa, ametapika maji na damu kidogo, anatetemeka. Tangu saa ile, kitu chochote chenye umbo la chupa au bakuli kikisogezwa karibu yake, alikuwa anajisukuma ukutani kama anataka kuingia ndani ya tofali.

Mama aliporudi alikuta ua umelowa, kijiko kimepinda, mwanawe amefunga mkono kwa kitambaa cha kufutia viatu.

"Umefanya nini?"

"Nimekatwa na bati, mama. Lile la chooni."

"Nimekuuliza mbwa umemfanya nini!"

"Kateleza."

Mama aliinama, akamgusa Diwani ubavuni. Mbwa akajikunja kwa maumivu. Mama alisimama, akachukua mwiko wa ugali, na kwa mara ya kwanza tangu Nathaniel aote ndevu, alimchapa. Alimchapa begani, akamchapa mgongoni, na mwiko ulipovunjika akamalizia kwa kiganja usoni, mikono yote miwili, ule mzima na ule wenye mistari.

"Huyu ndiye anayelala mlangoni kwangu!" alikuwa anasema. "Huyu! Wewe unalala wapi? Siku nilipounguzwa ulikuwa wapi?"

Nathaniel alikuwa na majibu matatu ya kuchekesha. Akaondoka nayo kwenda kijiweni.

* * *

Kijiwe chao kilikuwa chini ya mwamba mkubwa, ule wenye tangazo la mganga lililopakwa rangi nyeupe, mahali pikipiki zinaposubiri abiria. Pale Nathaniel alikuwa mfalme. Alifika jioni hiyo shavu limevimba, watu wakampokea kwa miluzi.

"Oya, Nata! Nani kakutengeneza hivyo?" aliuliza Kija, kinyozi.

"Ni mapenzi, Kija. Wewe huwezi kuelewa, unanyoa tu."

"Na mkono?"

"Bati la choo."

"Na Diwani anaendeleaje?"

Sasa hapa ndipo mtu unapaswa kufunga mdomo. Angeweza kusema hataki maji. Angeweza kusema anaumwa vidonda. Lakini Nathaniel aliwatazama wale watu kumi na kitu, mabomba yamekauka mtaa mzima, madumu ya njano yamejipanga kwenye kibanda cha muuza maji, na jina la mbwa limekaa mdomoni kama karanga iliyomenywa. Nani angeiacha?

"Diwani?" alisema. "Diwani wetu anaogopa maji!"

Kijiwe kililipuka. Mtu mmoja alipiga tanki la pikipiki yake kwa kiganja.

"Nawaambia! Ukimwonyesha ndoo tu, anatetemeka. Ukisogea na kikombe, anaingia ukutani. Mate yanamtoka, macho mekundu. Ukimwambia wananchi wana kiu, anataka kung'ata!"

Walicheka mpaka Kija akashikilia mbavu. Mtu mmoja tu hakucheka. Okwach, dereva wa bodaboda aliyetoka Rorya, alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake, funguo mkononi.

"Anaogopa maji kweli?" aliuliza.

"Okwach, ni utani, bwana."

"Nimekuuliza. Mbwa anaogopa maji? Mate yanamtoka?"

"Yanamtoka, ndiyo, lakini..."

Okwach alishuka kwenye pikipiki. Alikuwa mtu mrefu, mpole, wa kubeba wanafunzi bure mvua ikinyesha. Alimfuata Nathaniel, akaukamata ule mkono, akavuta kitambaa. Nathaniel akasukuma. Okwach hakuachia. Nathaniel akampiga kichwa cha mdomo, Okwach akamrudishia ngumi ya pua, wakaangukiana kwenye vumbi, damu ya mmoja ikimchafua mwenzake, na walipotenganishwa kitambaa kilikuwa mkononi mwa Okwach na mkono wa Nathaniel ulikuwa wazi mbele ya watu wote. Matundu manne. Mawili juu, mawili chini.

"Hili bati lina meno," Kija alisema, polepole.

Hakuna aliyecheka.

"Mtoto wa dada yangu," Okwach alisema, anatema damu, "aling'atwa na mbwa wa namna hiyo hiyo. Tukasema ni kidonda kidogo. Alikufa amefungwa kitandani kwa kamba, mama yake amesimama na kikombe cha maji, na yeye anakililia kile kikombe kisimsogelee. Wewe unakuja hapa kutuchekesha?"

"Si kichaa cha mbwa, Okwach. Ni figo. Daktari amesema ni figo."

"Figo!"

"Nilikuwa natania. Wallahi natania."

"Na haya meno nayo yanatania?"

Maneno ya kumwokoa mbwa yalikuwa mafupi. Nilimbana kwa magoti, nikamtia chupa kwenye vidonda, akaning'ata. Hayafiki hata mstari mmoja. Lakini hapo kulikuwa na watu waliomzoea akiwa mshindi wa kila hadithi, na pua ilikuwa inavuja, na Nathaniel akaona bora aondoke kwanza, ataeleza kesho watu wakishatulia.

"Nenda hospitali ukachomwe sindano," Okwach alimpigia kelele. "Leo! Na huyo mbwa sisi tutamshughulikia."

Hakwenda. Huko nako wangemuuliza aling'atwaje.

* * *

Siku iliyofuata mama aligundua kitu ambacho kingemfurahisha hata Daktari Dorcas. Maji ya bomba, yakibahatika kutoka, yalikuwa na harufu ya dawa, na Diwani sasa hakutaka chombo chochote. Lakini yeye tangu ujana wake hakuwa mbwa wa bakuli. Alikuwa mbwa wa ziwa. Mama alimbeba nusu na kumkokota nusu mpaka chini ufukweni, akaingia majini mpaka magotini na khanga yake, akamwita. Diwani alisimama kwenye changarawe. Akanusa. Akaweka ulimi. Akanywa.

Alikunywa kidogo, akapumzika, akanywa tena. Mama alisimama mle majini akimtazama na machozi yanamtoka, huku anamsifia kama mtoto anayejifunza kutembea. Akampigia simu mwanawe.

"Nathaniel! Njoo uone! Anakunywa! Njoo na sufuria tumchotee mengine."

Nathaniel alitoka mbio. Kwa kweli alifurahi, tusimwonee. Alichukua sufuria, akakata njia ya kijiweni kwa sababu ndiyo fupi, na pale aliwakuta. Walikuwa wengi kuliko jana. Walikuwa na marungu, nondo, mapanga mawili, na mifuko ya suruali imejaa mawe. Kijiwe kilikuwa kimefanya kikao bila mfalme wake.

"Yuko wapi?" Okwach aliuliza.

"Nani?"

"Usinijaribu."

"Yuko ziwani na mama. Anakunywa maji, Okwach. Njooni mwone wenyewe, anakunywa!"

Alidhani amemwokoa. Kumbe alikuwa amewaelekeza.

Walishuka kama maji ya mvua yanavyoshuka kwenye mawe ya Igogo, wanakusanya watu njiani. Kila mlango walioupita, wa ndani waliuliza kuna nini, wakajibiwa neno moja, kichaa, na mlango ukatoa mtu na rungu lake. Walipofika ufukweni walikuwa umati. Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo walinyakua watoto wakakimbia. Mama Nathaniel aligeuka, akawaona, akajua. Alipanua mikono mbele ya mbwa.

"Msimguse! Anaumwa figo!"

"Figo?" sauti moja ilijibu. "Mbwa naye ana figo? Kesho atakuwa na presha!"

Wakacheka, kicheko kibaya, cha watu wenye mawe mikononi.

"Amechanjwa! Muulizeni daktari! Na tazameni, tazameni wenyewe, anakunywa! Mbwa mwenye kichaa anakunywa?"

Ni kweli. Nyuma ya khanga yake iliyolowa, Diwani alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamelala, ulimi wake unaingia na kutoka majini bila haraka, kama ng'ombe wa jioni. Umati ulisimama. Hata Okwach alishusha rungu. Kwa muda wa mtu kuvuta pumzi na kuitoa, mambo yangeweza kuisha vile, watu wakaona haya, wakarudi makwao na mawe mifukoni.

"Lakini amemng'ata Nata," Kija alisema.

Macho yote yakahama. Mbwa akaachwa, akatazamwa Nathaniel: pua imevimba, kitambaa mkononi, sufuria chini ya kwapa.

"Na kweli," mwingine akadakia. "Huyu naye? Mbona hajaenda kuchomwa sindano? Kesho ataanza kutoa mate, atatung'ata kijiwe kizima."

"Mfungeni kamba na yeye!"

"Mpeni maji tuone kama atakunywa!"

Duara likafunguka, Nathaniel akabaki katikati, peke yake. Mtu aliyemtania jana alirudi hatua nyuma ili asiguswe naye. Kamba ya mtumbwi ilionekana mkononi mwa mtu. Nathaniel, aliyekuwa na neno kwa kila mtu, akazidi kuibana sufuria kwapani.

"Nathaniel!" mama yake aliita kutoka majini. "Waambie, mwanangu! Waambie daktari alisema nini! Mpigie daktari!"

Simu ilikuwa mfukoni. Namba ilikuwamo. Na hapo, wenzangu, nasimulia kama ilivyosimuliwa: watu watatu walimvamia Nathaniel, mmoja shingoni, mmoja kiunoni, mmoja mikononi, wakamziba na mdomo. Alipambana nao, alirusha miguu, lakini mmoja hawezi kuwashinda watatu. Jiwe la kwanza lilitoka nyuma kabisa, upande wa mitumbwi iliyopinduliwa. Nani alilirusha, hakuna aliyeona.

Lilimpata Diwani ubavuni, ulimi wake ukiwa bado majini.

Mengine hayakuhitaji kuitwa. Yalikuja kwa pamoja, yakipiga maji, yakipiga mwamba, yakipiga nyama. Diwani hakukimbia. Alijaribu kwenda kwa mama, na mama alikuwa anakuja kwake, akamwangukia juu, akamfunika kwa mwili na khanga, na bado mawe yalikuwa yanakuja. Moja lilimpasua mama juu ya jicho. Kelele zikapungua kidogo watu walipoona damu ya mtu. Ndipo Okwach akaingia majini, akamshika mama kiunoni kwa mkono mmoja, akamwinua kama mtoto.

"Samahani, mama. Samahani, mama. Samahani," alikuwa anasema, machozi yanamtoka, na kwa mkono wa pili akalishusha rungu. Alilishusha tena. Mama alikuwa anampiga usoni kwa ngumi zote, anamparura, na yeye hakujikinga. Alihakikisha kwanza amemaliza.

Ziwa likabadilika rangi pale mwambani, kisha wimbi dogo likaja, likapasafisha.

* * *

Jua lilikuwa bado halijazama watu walipoanza kufika uani kutoa pole, wengine wakiwa ni wale wale waliokuwa na nondo. Mtaa ni mtaa. Mama Nathaniel alikaa kwenye mkeka, nyuzi juu ya jicho, mikono imelala mapajani kama vitu alivyowekewa na mtu. Daktari Dorcas alikuwa amekuja, akautazama mwili wa mbwa chini ya gunia, akachukua alichohitaji kwa ajili ya kipimo, na kabla ya kuondoka alisema neno moja kwa wote waliokuwa pale: "Alikuwa anakunywa." Kisha akamwamuru Nathaniel akachomwe sindano, akakataa kumtazama.

Nathaniel alikuwa amekaa kwenye kigoda. Watu walimwonea huruma. Wanawake walimletea chai. Na huruma, kwa mtu wa mdomo, ni kama foleni ya kivuko.

"Watatu," alisema. "Si mmoja. Huyu wa shingo alikuwa na mkono kama mguu wangu. Nikasema leo nakufa. Nikamkanyaga mmoja kidole, nikasikia kabisa kinalia, lakini wapi. Wakaniziba mdomo. Ningeachiwa hata kidogo tu, ningewaambia. Simu ilikuwa hapa. Hapa!"

"Pole, baba," mtu alisema. "Walikuwa wengi."

"Wengi mno."

Mama alifungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu arudishwe.

"Watu walikuwa wamesimama," alisema. "Nilikuwa nawaona. Walikuwa wamesimama, wanamtazama anakunywa. Nani alirusha lile la kwanza?"

"Sikuona, mama. Lilitoka nyuma. Kule kwenye mitumbwi."

"Mitumbwi ipi?"

Hakuwa mama aliyeuliza. Alikuwa Akumu, mama mtu mzima anayefua nguo za watu ufukweni, aliyeketi karibu na geti, kimya, kama mtu aliyekuja kwa ajili ya kukaa tu. Nathaniel alikuwa amemwamkia shikamoo akiingia, akasahau kama yupo.

"Ile iliyopinduliwa," alisema. "Nyuma yetu."

"Ile nilikuwa nimeianikia mashuka."

"Basi labda pembeni yake, mama..."

"Nilikuwa nimekaa hapo, nakunja. Nilipoona watu wanashuka, nikajibanza, nikaogopa hata kusimama. Nyuma yenu hapakuwa na mtu, Nathaniel. Palikuwa na mimi."

Kikombe cha chai kilisimama njiani kati ya goti na mdomo wa Nathaniel. Aliwatazama watu waliojaa uani, mmoja baada ya mwingine, akitafuta uso wa kuanzia utani. Mama yake alikuwa amemgeukia.

"Mama Akumu, umri nao," alisema, akajaribu kutabasamu. "Kwa umbali ule, na vurugu ile, na wale watu watatu walionishika..."

"Hakuna aliyekushika, mwanangu. Walikuwa wanakuogopa, wote walikukaa mbali." Akumu hakupandisha sauti. Alikuwa anaongea kama anayemsaidia mtu kukumbuka mahali alipoacha kitu. "Ulikuwa peke yako. Uliweka sufuria chini, ukainama mwenyewe. Ukaokota jiwe, ukaliangalia, ukaona ni dogo. Ukalirudisha, ukachukua lingine."